Mtoto Huyu Hakurogwa

Katika miji yetu na katika vijiji vyetu wako watoto ambao majirani huwanong'onea. Uso wao ni bapa kidogo, pembe za nje za macho zimeinuka, ulimi huonekana mdomoni, viungo ni vilegevu. Wamechelewa kukaa, wamechelewa kutembea, wamechelewa kusema. Mama akipita sokoni na mtoto wa namna hiyo mgongoni, watu hutazamana. Na jioni maneno huanza: "Mama huyu alivunja mwiko." "Mali ya ndoa haikumalizika, ndiyo maana." "Mtoto huyu ni mchawi." Mara nyingine baba mwenyewe husadiki maneno hayo, hufunga mizigo yake na kwenda kuoa kwingine. Mama hubaki peke yake na mtoto, tena na aibu isiyo yake.

Leo twataka kueleza sababu ya kweli. Sababu hiyo imejulikana tangu mwaka 1959. Imeonekana kwa macho, imepigwa picha, imehesabiwa. Nayo ni jambo la hesabu tu: mahali pa 46 mtoto huyu amepata 47.

Nyuzi zinazoujenga mwili

Kama vile nyumba ilivyojengwa kwa matofali mengi, ndivyo mwili wa mtu ulivyojengwa kwa chembe nyingi, ndogo mno. Macho peke yake hayawezi kuziona; yahitaji hadubini, yaani chombo cha kukuzia vitu vidogo. Karibu kila chembe ina kiini ndani yake, na ndani ya kiini mna nyuzi nyembamba sana ziitwazo kromosomu. Nyuzi hizo ndizo zichukuazo maagizo ya kuujenga mwili: kimo, rangi ya macho, namna ya damu, umbo la moyo, kazi ya ubongo. Agizo moja huitwa jeni. Mtu ana jeni karibu 20,000, zimepangwa katika kromosomu zake kama maneno katika vitabu.

Kromosomu za mtu ni 46. Hukaa wawili wawili kama mapacha, yaani jozi 23. Katika kila jozi, moja imetoka kwa baba na moja kwa mama. Jozi 22 zimepewa nambari, kuanzia 1 hadi 22. Jozi ya mwisho ndiyo iamuayo kama mtoto atakuwa mume au mke: msichana hupata X mbili, mvulana hupata X moja na Y moja.

Msidhani kwamba hesabu hiyo ilipatikana kwa urahisi. Kwa zaidi ya miaka 30 vitabu vya elimu vilifundisha ya kuwa mtu ana kromosomu 48, na wanafunzi wa dunia nzima wakakariri hivyo. Mwaka 1956 Joe Hin Tjio, mzaliwa wa kisiwa cha Java, pamoja na Albert Levan, walitangaza hesabu ya kweli huko Lund, katika nchi ya Uswidi. Walikuwa wamepata njia njema ya kuzitawanya nyuzi hizo zisilaliane. Wakahesabu, wakarudia kuhesabu: zilikuwa 46.

Jogoo, mkopo na darubini mbovu

Hali ya watoto tunaowasema ilikuwa imeandikwa tangu zamani. Mwaka 1866 daktari Mwingereza John Langdon Down aliwaeleza vizuri, naye hakujua sababu. Kwa kuwa macho yao yalimkumbusha watu wa Mongolia, aliwapa jina la watu wale. Jina hilo lilikuwa baya kwa pande mbili: liliwadharau watoto, likawadharau na Wamongolia. Mwaka 1965 serikali ya Mongolia iliomba liachwe, na Shirika la Afya Duniani likaliacha. Leo twasema "hali ya Down", au "trisomia 21".

Sababu yenyewe ilipatikana Paris, katika hospitali ya Trousseau. Profesa Raymond Turpin alikuwa amefikiri kwa miaka mingi kwamba huenda kromosomu za watoto hao hazikuwa sawa. Lakini nani angeweza kuzihesabu? Katika hospitali ile alikuwamo daktari kijana, Marthe Gautier, binti wa wakulima. Alikuwa amekaa mwaka mmoja Boston, Marekani, na huko alijifunza kuzikuza chembe za mwili ndani ya vyombo vya kioo. Akasema: "Nipeni mahali, nami nitafanya." Akapewa chumba kilichoachwa, chenye vyombo vichache na hadubini isiyofaa sana. Alikopa fedha ili anunue vyombo vya kioo. Alifuga jogoo ili apate maji ya damu yake kwa kulisha chembe, na palipohitajiwa damu ya mtu alitoa damu yake mwenyewe.

Mwaka 1958 aliona katika chembe za mtoto mwenye hali ya Down jambo ambalo halikuwamo katika chembe za watoto wengine: kromosomu moja ndogo zaidi. Hadubini yake haikuweza kupiga picha, basi mwenzake Jérôme Lejeune alizichukua kioo zile ili zipigwe picha mahali pengine. Mwezi wa Januari 1959 habari ilitangazwa, nayo ilichukua majina matatu: Lejeune, Gautier, Turpin. Sifa nyingi zilimwendea Lejeune. Kazi ya Gautier ilikaa miaka mingi bila kutajwa sana, hata yeye mwenyewe akaieleza mwaka 2009. Twaona vema kumtaja hapa, ili wasichana wa shule wanaosoma gazeti hili wamjue.

Mitumbwi miwili mtoni

Mtauliza: Kromosomu ya 47 yatoka wapi? Hakuna aliyeileta. Yatokana na mgawanyo usio sawa.

Fikirini wasafiri 46 wanaofika ukingo wa mto wawili wawili, jozi 23. Mitumbwi miwili yawangoja. Amri ni moja: kila jozi itengane, mmoja aingie mtumbwi huu na mwenzake mtumbwi ule, ili kila mtumbwi uvuke na watu 23. Lakini siku hiyo wale wawili wa jozi ya 21 hawakuachana. Wote wawili wameingia mtumbwi mmoja. Basi mmoja wavuka na watu 24, na wa pili na 22.

Hivyo ndivyo yai la mama na mbegu ya baba hufanywa: chembe yenye 46 hugawanyika ili ibaki 23. Yai lenye 24 likikutana na mbegu yenye 23, jumla yawa 47. Kila chembe itakayozaliwa humo itachukua 47: chembe za moyo, za ubongo, za ngozi. Na kromosomu ya ziada si mbaya yenyewe. Ni sawasawa na wenzake wawili. Chumvi nayo ni njema, lakini mpishi akiitia mara moja na nusu kuliko ilivyoagizwa, mboga yabadilika ladha.

Mara 9 hivi kati ya 10 kosa hutukia katika yai, mara nyingine katika mbegu ya baba. Wala mama asilaumiwe kwa sababu hiyo, kwani hakuna alilolifanya. Mayai ya msichana huanza kufanywa yeye mwenyewe angali tumboni mwa mama yake. Yaanza kugawanyika, kisha yasimama na kungoja. Yai linalotoka mwanamke akiwa na miaka 40 limengoja miaka 40 na zaidi. Kadiri yanavyongoja, ndivyo jozi zinavyoshindwa kutengana vema. Kwa mama wa miaka 20, hutokea karibu mtoto 1 kati ya 1,500; kwa mama wa miaka 35, karibu 1 kati ya 350; kwa mama wa miaka 40, karibu 1 kati ya 100. Hata hivyo watoto wengi wa hali hii huzaliwa na mama vijana, kwa kuwa mama vijana ndio wazaao zaidi. Kwa dunia nzima, ni karibu mtoto 1 kati ya 1,000: Ulaya, Asia, Amerika, Afrika. Hakuna taifa lililoachwa, wala matajiri hawakuachwa.

Ziko jamaa chache ambazo jambo hili laweza kurudi. Humo kipande cha kromosomu ya 21 kimeshikamana na kromosomu nyingine, na mzazi mwenye afya njema aweza kukichukua bila kujua. Ni watoto 3 au 4 tu kati ya 100 wenye hali ya Down walio na namna hiyo. Vipimo vya damu ya mtoto na ya wazazi vyaweza kuionyesha.

Nyingine zinazozidi na zinazopungua

Kosa la mitumbwi laweza kutukia kwa jozi yoyote. Walakini mara nyingi mimba haiwezi kuendelea. Karibu nusu ya mimba zinazotoka katika miezi ya kwanza zina kromosomu zisizo sawa. Enyi waume, lishikeni neno hili. Mke aliyepoteza mimba changa hakuroga wala hakurogwa, wala hakuiharibu kwa kubeba maji au kulima. Mara nyingi mimba ile haikuweza kuishi tangu siku ya kwanza.

Kromosomu ya 21 ndiyo ndogo kuliko zote, yenye jeni chache. Kwa hiyo ikizidi, mtoto aweza kuishi na kukua. Ikizidi ya 18 au ya 13, mtoto huzaliwa na vilema vizito, na wengi hufa kabla ya kutimiza mwaka mmoja. Hali hizo ziliandikwa mwaka 1960 na John Edwards na Klaus Patau.

Mara nyingine si nzima iliyopungua, ila kipande. Mwaka 1963 Lejeune aliwaeleza watoto waliokosa kipande cha kromosomu ya 5. Koromeo lao haliumbiki sawasawa, na sauti yao ya kulia wangali wachanga ni kama ya paka. Fikirini mtoto wa namna hiyo akilia usiku katika kijiji chenye hofu! Twajua yatakayosemwa. Lakini ni koromeo tu.

Ziko na hali za X na Y, zinazojulikana kwa hesabu tangu mwaka 1959. Msichana 1 hivi kati ya 2,500 huzaliwa na X moja tu. Hiyo huitwa hali ya Turner. Akili yake kwa kawaida ni njema, lakini hubaki mfupi, mara nyingi matiti hayakui, damu ya mwezi haiji, na wengi hawawezi kuzaa. Kwa upande mwingine, mvulana 1 hivi kati ya 600 huzaliwa na X mbili na Y moja. Hiyo ni hali ya Klinefelter. Hukua mrefu, huoa, hufanya kazi kama wengine, na wengi hawajui lolote hata wanapokosa watoto. Ni wanawake wangapi waliorudishwa kwao kwa neno "tasa", kumbe sababu ilikuwa kwa mume? Basi wenye ndoa wakikosa mtoto, waende hospitali wote wawili. Na msichana wa miaka 15 asiyeona dalili ya kukua apelekwe kwa daktari, kwani kwa hali ya Turner ziko dawa za kumsaidia kurefuka na kukua, hasa zikianzwa mapema.

Tuyajibu maneno ya barazani

Wasema: "Ni laana ya ukoo." Twajibu: Laana haihesabiwi chini ya hadubini, kromosomu zahesabiwa. Daktari huchukua damu kidogo, huzikuza chembe zake, huzipiga picha na kuzipanga jozi jozi. Wa 21 wakionekana watatu, sababu imepatikana.

Wasema: "Mama alimtazama kilema alipokuwa na mimba." Twajibu: Kwa kawaida 47 ilikuwako tangu saa ile yai na mbegu zilipokutana, kabla mama hajajua kwamba ana mimba.

Wasema: "Ataambukiza wenzake." Twajibu: Haambukizi. Ale nao, acheze nao, alale nao.

Wasema: "Ni mtoto mchawi." Twajibu: Katiba ya Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo ya mwaka 2006, katika kifungu cha 41, yakataza kumtupa mtoto, kumtesa na kumshtaki uchawi. Sheria ya tarehe 10 Januari 2009 ya kuwalinda watoto yaweka adhabu kwa mwenye kufanya hivyo. Anayemshtaki mtoto asiyejua hata kusema, ndiye mwenye kosa.

Tena wako wanaouza dawa za kuiondoa hali hii. Msiwape fedha. Hakuna dawa iondoayo kromosomu katika kila chembe ya mwili. Lakini kukosa dawa ya kuiondoa si kukosa msaada.

Yatupasayo kufanya

Kwanza, mtoto ajulikane mapema. Dalili ziandikwazo vitabuni zilielezwa kwa kutazama nyuso za watoto wa Ulaya, na kwa watoto wetu zaweza kupita bila kuonekana. Mwaka 2017 madaktari wa Kinshasa na wa Ubelgiji walitangaza jaribio la programu ya kompyuta inayosoma nyuso: iliwatambua watoto wa Ulaya wenye hali ya Down vizuri kuliko watoto wa Kongo. Ilipofundishwa kwa picha za watoto wa Kongo, ikawatambua vema. Basi wazazi na wakunga watazame zaidi ya uso: mwili mlegevu kama kitambaa, mstari mmoja unaokata kiganja chote, nafasi pana kati ya kidole gumba cha mguu na kile kinachofuata. Dalili moja si ushuhuda. Zikiwa nyingi pamoja, mpelekeni hospitali.

Pili, moyo wake upimwe. Karibu nusu ya watoto hawa huzaliwa na kasoro ya moyo. Mtoto akitoka jasho anaponyonya, akihema mbio, midomo ikiwa na rangi ya buluu, msingoje. Mioyo mingi ya namna hiyo yaweza kutengenezwa kwa upasuaji, nako kuchelewa huharibu mapafu.

Tatu, anyonyeshwe kwa uvumilivu. Kinywa chake ni dhaifu, huchoka upesi. Apewe kidogo kidogo, mara nyingi. Apate chanjo zote, kwani vifua vyao huugua kwa urahisi. Masikio, macho na tezi ya shingo vipimwe kila mara. Mtoto asiyesikia vizuri huitwa mjinga bure.

Nne, afundishwe. Akili yake yaenda polepole, lakini yaenda. Aambiwe jambo moja kwa wakati mmoja, aonyeshwe kwa mkono, arudie. Ajifunze kuoga, kuvaa, kufagia, kuchota maji, kusalimu wakubwa. Wengi hujifunza kusoma, na kazi za mikono hushika vema. Huko Hispania Pablo Pineda, mwenye hali hii, alimaliza masomo ya chuo kikuu. Si wote watakaofika huko, kama vile watoto wengine nao wasivyofika wote. Akipevuka, alindwe na watu waovu, kwani moyo wake ni mwepesi wa kuwaamini wote.

Tazameni matunda ya kutunza. Huko Marekani, mwaka 1983, watu wenye hali ya Down waliishi kwa kawaida miaka 25 hivi. Leo hufikia karibu 60. Kromosomu hazikubadilika. Kilichobadilika ni kwamba mioyo yao ilitengenezwa, maradhi yao yalitibiwa, nao waliachwa kufungiwa katika nyumba kubwa mbali na jamaa zao.

Binti wa Jenerali

Huenda mtu atasema: "Haya ni ya maskini, wakubwa hawana watoto wa namna hiyo." Wazee wetu wamkumbuka Jenerali Charles de Gaulle, aliyefungua mkutano wa Brazzaville mwezi wa Januari 1944. Alikuwa na watoto watatu. Wa mwisho, Anne, alizaliwa mwaka 1928 mwenye hali ya Down. Wakati ule jamaa nyingi za Ulaya zenye cheo ziliwaficha watoto hao katika nyumba za mbali. De Gaulle na mkewe Yvonne walikataa. Anne alikaa nao nyumbani na kuhama nao kila walikohamia, hata wakati wa vita. Mtu yule, ambaye askari walimwogopa kwa ukali wake, alimwimbia binti yake na kucheza naye. Mwaka 1945 wazazi hao walianzisha shirika lenye jina la Anne, ili kuwatunza wasichana wenye akili dhaifu ambao jamaa zao hazikuwa na fedha. Anne alikufa kwa ugonjwa wa mapafu mwaka 1948, mwenye miaka 20. Shirika lile liliendelea na kazi yake baada yake.

Umoja wa Mataifa umeweka tarehe 21 Machi iwe siku ya kuwakumbuka watu wenye hali ya Down. Ni mwezi wa 3, siku ya 21, kwa sababu kromosomu ya 21 ni tatu. Lakini siku moja haitoshi. Ninyi wanafunzi, msiwacheke walio polepole njiani. Wazee walisema, hujafa hujaumbika. Ninyi majirani, kiteni kibanda cha maneno ya uongo na mwende kumsalimu mama yule. Ninyi akina baba, rudini nyumbani. Mtoto ana 47. 23 au 24 ni zako.